Mfuko wa saruji uliookolewa ni wa nani?

Chukua slabu ya kawaida ya ghorofa, mita za mraba 100, unene milimita 150. Hizo ni mita za ujazo 15 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), kila mita ya ujazo hula mifuko 6.4 hivi ya kilo 50, kwa hiyo slabu nzima inataka mifuko 96. Jioni ya siku ya kumwaga, nenda stoo ukahesabu mifuko mitupu. Tuseme umekuta 112. Mifuko 16 imezidi, karibu asilimia 17, na slabu ni ileile iliyochorwa.

Mifuko hiyo haikupaa. Mingi imelala ndani ya slabu yenyewe. Mirunda, ile miti inayobeba slabu, ikisimamishwa juu ya udongo mtupu bila ubao chini yake, inazama zege likianza kulemea. Boksi, yaani mbao zinazoshika zege bichi, linabonyea milimita 15 katikati, lakini fundi anasawazisha uso wa juu kwa kamba, kwa hiyo sehemu hiyo inatoka na milimita 165. Slabu yote ikiwa hivyo, hiyo ni mita ya ujazo moja na nusu, sawa na mifuko 9.6. Inayobaki sita na ushei itafute kwenye maungio ya mbao yanayovujisha uji wa saruji, kwenye miksa ya mwisho iliyochanganywa wakati kazi imekwisha, na kwenye mchanga mbichi.

Mchanga mbichi unastahili maelezo yake, kwa sababu wengi hawauhesabu kabisa. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Chembe hushikana na maji na kuachiana nafasi, ujazo ukaongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Ukipima ndoo mbili za mchanga wa hivyo, kwa hakika umepima kama moja na nusu ya mchanga mkavu. Zege linalotoka ni dogo kuliko ulivyopiga hesabu, na unafungua mfuko mwingine kujazia. Kipimo chake hakihitaji maabara. Jaza ndoo mchanga mbichi hadi theluthi mbili bila kushindilia, pima kina. Mwaga pembeni, tia maji nusu ndoo, rudisha mchanga ukiuchokonoa kwa nondo, pima kina tena. Kama kilikuwa sentimita 20 na sasa ni 16, mchanga umevimba kwa robo, na kila mahali ulipotaka kipimo kimoja cha mchanga utie kimoja na robo.

Tiba ya kila upotevu niliotaja inajulikana na ni rahisi: kipande cha ubao chini ya kila mrunda, kamba iliyovutwa chini ya boksi kuangalia kama limebonyea, kijiti chenye alama ya milimita 150 cha kuchomeka ndani ya zege bichi, na boksi la kupimia lenye ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Boksi hilo ni lita 35 kamili, ujazo wa mfuko mmoja wa saruji, na linajazwa hadi ukingoni na kukatwa kwa ubao, bila kichuguu. Vitu hivi vyote fundi boksi anavitengeneza kwa nusu siku. Basi kwa nini saiti nyingi hazina hata kimoja?

Jibu la kawaida ni kwamba mafundi hawana elimu. Sikubaliani nalo. Jibu langu ni fupi: anayeweza kuuokoa mfuko siye anayefaidika nao. Hilo likiachwa kama lilivyo, semina, mabango na ushauri wa kitaalamu vitafanya kazi wiki mbili kisha saiti itarudi ilikokuwa.

Mbinu zenyewe zilitoka wapi

Semina za kupunguza upotevu hutaja Lean, kaizen na Six Sigma. Kwa ambaye majina haya ni mageni: kiwandani Toyota, mhandisi Taiichi Ohno alipanga upotevu katika mafungu saba. Kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bure, kusindika kupita kiasi, kulimbikiza, kutembeatembea, na kasoro. Neno la Kijapani analolitumia kwa upotevu ni muda. Msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo, na kwa haki, maana mafungu mawili au matatu kati ya hayo saba ni muda wetu hasa.

Mwaka 1992 Mfini Lauri Koskela, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika ripoti iliyoyaleta mawazo hayo kwenye ujenzi. Glenn Ballard na Greg Howell wakaanzisha taasisi ya Lean Construction Marekani mwaka 1997, na Ballard akatengeneza mfumo wa kupanga kazi uitwao Last Planner, yaani mpangaji wa mwisho: yule foremani au fundi kiongozi ambaye baada yake hakuna wa kumpangia tena. Upande mwingine kuna Six Sigma iliyozaliwa Motorola katika miaka ya 1980, inayofuatilia kasoro kwa takwimu. Siku hizi vyote vinafungwa pamoja na suala la mazingira, kwa sababu upotevu kwenye ujenzi una moshi wake. Kila tani ya klinka, yale mawe ya kuchomwa yanayosagwa kuwa saruji, hutoa zaidi ya kilo 800 za kaboni dioksaidi, na zaidi ya nusu ya hizo hazitoki kwenye makaa. Zinatoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapoungua. Ile mifuko 16 ya slabu yetu ni kilo 800 za saruji. Hata ikiwa ni saruji iliyochanganywa na pozolana (kama majivu ya volkano), umetoa karibu nusu tani ya hewa hiyo bila kujenga chochote.

Afrika Mashariki haijakosa kuzisikia mbinu hizi. Japani kupitia JICA, shirika lake la misaada, imekuwa ikisaidia kueneza kaizen, yaani kuboresha kazi kidogokidogo bila kukoma, katika viwanda vya Tanzania na Ethiopia kwa miaka mingi. Kiwandani imeshika kuliko saitini, na sababu yake inaonekana ukiangalia nani anamlipa nani.

Mikono minne, mifuko minne

Nyumba nyingi za watu binafsi, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, hujengwa kwa mkataba wa ufundi tu. Mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi analeta mikono. Mwenye nyumba anaamini hivyo anadhibiti gharama. Kumbe amemwondolea mtu pekee anayeshika karai kila sababu ya kujali kilichomo ndani ya karai. Fundi akiokoa mifuko 16, halipwi hata senti. Akiipoteza, hakatwi. Akichelewa kwa sababu ya kupima, anapoteza siku ambayo angeanza kazi nyingine.

Tena kwenye saiti nyingine vijana wa zege hulipwa kwa idadi ya mifuko waliyochanganya. Tafakari hapo. Umemlipa mtu kwa kila mfuko anaoufungua, halafu unashangaa mifuko imekwisha.

Maji nayo yanafuata njia hiyohiyo. Zege linalotakiwa kuwa na maji nusu ya uzito wa saruji hupokea lita 25 kwa mfuko, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga. Zege hilo ni zito kusukuma na linataka vaibreta, mashine ya kulitikisa likae. Anayelipwa kwa kazi kwisha ataongeza ndoo, na zege litatambaa lenyewe kama uji. Nguvu inashuka, hilo Mmarekani Duff Abrams alilionyesha tangu 1918. Kibarua si mpumbavu, mgongo ni wake na nguvu ya zege baada ya siku 28 si yake.

Mfano unaonikera zaidi ni wa ukuta na plasta. Fundi mwashi analipwa kwa tofali. Ukuta ukipinda kidogo, timazi ikaonyesha sentimita moja nje, yeye ameshalipwa na ameondoka. Anakuja fundi wa plasta. Michoro inasema milimita 15, ila ili ukuta uonekane umenyooka anapaka wastani wa 25. Kwa mita za mraba 100, plasta ya milimita 15 ni mita ya ujazo 1.5, na kwa mchanganyiko wa moja kwa tano inataka mifuko 9 hivi. Ya milimita 25 inataka 15 na nusu. Mifuko sita imepotea kwenye plasta kwa kosa lililofanyika kwenye tofali, na ukimpa fundi wa plasta semina ya mwaka mzima hataiokoa. Plasta nene ya mkono mmoja pia hulegea na kupasuka, kwa hiyo mara nyingine unalipa mara ya tatu. Dawa ni kukagua kila kozi (mstari wa tofali) ya tano kwa timazi na pima maji kabla ya kulipa tofali, na kuandika kwamba ukuta uliozidi milimita 8 nje ya wima katika mita tatu haulipwi mpaka urekebishwe. Kipimo hicho chagua mwenyewe. Muhimu kijulikane kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Na tofali zenyewe je? Tofali ya inchi 6 isiyo na tundu, milimita 450 kwa 225 kwa 150, ina ujazo wa lita 15 na kidogo. Mfyatuaji anayejisifu kutoa tofali 35 kwa mfuko anamaanisha lita 530 za tofali zilizoshindiliwa kutokana na lita 35 za saruji. Hata ukiachilia mshindilio, ni mchanga wa kama sehemu 15 kwa moja. Tofali hizo zinavunjika kwenye lori, zinavunjika zikishushwa, na zinavunjika fundi anapozikata kwa nyundo. Bei ya rejareja iko chini. Bei ya tofali iliyofika ukutani ikiwa nzima ni habari nyingine. Anayeagiza hapimi hiyo ya pili, basi mfyatuaji mwaminifu anashindwa sokoni.

Nondo na urefu usio wa kweli

Kwenye nondo upotevu unaonekana kwa macho: rundo la vipande pembeni ya meza ya kukatia. Ukihitaji vipande vya mita 3.5 kutoka nondo ya mita 12, unapata vitatu na mita 1.5 inabaki. Hiyo ni asilimia 12.5. Fundi nondo akiwa na orodha ya vipande vyote vya ghorofa nzima, si vya nguzo za leo tu, ataona kuwa kuna vipande vya mita 2.4 vinavyotakiwa kwenye boriti. Anakata viwili vya 3.5 na viwili vya 2.4, jumla mita 11.8, kinabaki kipande cha sentimita 20.

Hapa ndipo mbinu nzuri inapovunjika kwa sababu ya soko. Nondo nyingi zinazotoka nje husafirishwa kwenye kontena la futi 40 na hukatwa mita 11.7 hivi ili ziingie. Orodha uliyopanga kwa mita 12 inapungukiwa sentimita 10, na kipande cha mwisho hakitoshi. Kabla ya kupanga chochote, vuta futikamba kwenye nondo tano za mzigo uliofika. Kisha zipime uzito. Nondo ya milimita 12, ile dukani wanayoiita nusu inchi, inatakiwa kuwa na gramu 888 kwa mita, yaani kilo 10.65 kwa mita 12. Kanuni ya haraka ni kipenyo mara kipenyo kwa milimita, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ukikuta kilo 9, umenunua nondo nyembamba, na mjadala wa kupunguza vipande hauna maana tena. Hapo unajadili usalama.

Sababu nyingine ya orodha kutotengenezwa ni kwamba michoro inafika kwa mafungu. Mkandarasi anapewa nguzo leo, boriti baada ya wiki tatu, ngazi Mungu akipenda. Huwezi kuunganisha vipande vya kitu ambacho hujakiona. Kwa hiyo upotevu wa nondo unaanzia ofisini kwa mhandisi, mbali na msumeno.

Ahadi za wiki

Kati ya mbinu zote, ya mpangaji wa mwisho ndiyo ningeanza nayo kwenye saiti yenye mafundi zaidi ya kumi na tano, maana haitaki pesa. Inataka ubao, chaki na saa moja kila Jumamosi mchana. Wanakaa foremani, fundi nondo, fundi boksi, mwashi, wa umeme na wa bomba. Kila mmoja anasema atakachomaliza wiki ijayo, kwa sehemu inayoonekana: “nguzo sita za mstari B, ringi zote zimefungwa”, siyo “kuendelea na nguzo”. Jumamosi inayofuata mnahesabu. Kilichoisha ni moja, kisichoisha ni sifuri. Asilimia tisini ni sifuri pia. Mkiahidi kazi 20 zikaisha 11, mmepata asilimia 55, na msione aibu, kwani Ballard na Howell walipoanza kupima huko Marekani walikuta wastani ulikuwa huohuo wa nusu na kidogo.

Sababu yake ni hesabu. Koskela alionyesha kuwa kazi moja ya ujenzi inategemea mambo saba: michoro, vifaa, watu, zana, nafasi, kazi iliyotangulia, na hali ya nje kama mvua au kibali. Kila kimoja kikiwa na uhakika wa asilimia 95, zizidishe hizo 0.95 zote saba zenyewe kwa zenyewe na utapata 0.70. Kazi tatu kati ya kumi zitakwama hata kama kila mtu ni mwaminifu. Ndiyo maana kazi yenyewe ya kikao ni kutazama wiki sita mbele na kuuliza kila kazi inakosa kipi kati ya saba. Konsalta anatakiwa kukagua nondo kabla ya kumwaga? Barua ya kumwita inaandikwa sasa, siyo asubuhi ya siku ya zege huku vibarua arobaini wamekaa kwenye kivuli.

Inakwamaje? Kwanza, bosi anageuza asilimia kuwa fimbo. Akisema mwenye chini ya 80 hatalipwa, Jumamosi ijayo kila mtu ataahidi kazi ndogo na kupata 100, na ubao utakuwa mapambo. Pili, foremani hana mamlaka ya kununua hata misumari. Anaahidi kwa niaba ya mtu aliyeko mjini, asiyepokea simu. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, mkandarasi ana saiti tatu na kundi moja la mafundi. Jumanne lori linakuja kuwahamisha kwenda saiti ambayo cheti cha malipo kimeiva. Ubao hauwezi kushindana na cheti cha malipo.

Malipo, ndiyo. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya 1999, kile kitabu chekundu, inampa mwajiri siku 56 kulipa tangu mhandisi apokee hesabu ya mkandarasi. Mkandarasi mdogo wa daraja la saba hana akiba ya kumvusha siku 56, achilia mbali zinapozidi. Ananunua mifuko 20 leo na 30 keshokutwa. Mtu akipita na kitabu cha Toyota mkononi atasema huyu halimbikizi, ameshika mbinu. Sivyo. Huo ni ukata, na unazaa kusubiri, usafiri wa mara kumi na bei ya rejareja.

Mkataba huohuo una kifungu 13.2 kinachomruhusu mkandarasi kupendekeza njia nafuu zaidi, na pendekezo linalobadili usanifu likikubaliwa, anapata nusu ya faida halisi iliyopatikana. Ni kifungu kizuri, ila kinagusa usanifu. Mfuko uliookolewa kwa boksi lisilovuja haumo, kwa kuwa huo ni wa mkandarasi mwenyewe, na haumfikii fundi.

Madarasa, dampo na lugha

Mwaka 2021 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, ya sekondari yakitengewa shilingi milioni 20 kila moja, mengi kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa kupitia kamati zake za manunuzi, mapokezi na ujenzi, na fundi wa mtaani anatoa ufundi. Kwa macho ya mtu wa kaizen hii ni ndoto. Mchoro mmoja, bei moja, unarudiwa maelfu ya mara. Kiwanda kisicho na paa. Ukijua darasa la kwanza lilikula mifuko mingapi kwenye msingi, jamvi, mkanda na plasta, darasa la pili lina kipimo. Kinachotakiwa ni karatasi moja ya kila hatua inayosafiri kutoka kata moja kwenda nyingine. Na hapa kanuni yangu ya mfuko inajitokeza tena: salio likiwa ruksa kubaki shuleni kwa madawati au ofisi ya mwalimu, kamati inayo sababu ya kuhesabu mifuko mitupu. Salio likirudishwa juu, au kamati ikiogopa kuulizwa kwa nini walibakiza, watalitumia lote.

Kuna jambo lingine ambalo waandishi wa Ulaya hulichukulia kuwa liko kila mahali. Uingereza imetoza kodi ya dampo tangu 1996, kwa hiyo kila tani ya kifusi inamuuma mkandarasi mfukoni. Kwetu kifusi kina wateja. Kuna mtu ana shimo, kuna barabara ya mtaa ina tope. Tofali zilizovunjika zinaondoka bure au zinauzwa, na hasara haionekani kokote. Asiyelipia taka haihesabu.

Kuhusu mafunzo niseme machache. Michoro iko kwa milimita na Kiingereza, fundi anafikiri kwa inchi, futi na Kiswahili, na semina inafanyika hotelini kwa wahandisi. Kibarua wa leo kesho hayupo, kumfundisha yeye ni kumwaga maji kwenye mchanga. Mfundishe foremani na mafundi viongozi, saitini, kwa karatasi ya Kiswahili, wakati kazi husika inaendelea. Siku moja ya kufunga boksi pamoja inazidi siku tatu za slaidi.

Six Sigma nayo isiletwe kwenye nyumba moja. Inataka kitu kinachojirudia mamia ya mara: kiwanda cha tofali, mtambo wa zege tayari, mradi wa nyumba mia zinazofanana. Kyubu sita za kupimia nguvu ya zege hazitoshi kuchora chochote cha maana.

Ukitaka kujaribu kwa fundi wako

Kwa mkataba wa ufundi tu, patana hivi kabla ya kuanza. Mkadiriaji, au fundi mwenyewe mbele yako, apige hesabu ya vifaa kwa hatua: msingi, jamvi, kuta, mkanda, slabu, plasta. Juu ya kiasi halisi weka posho ya upotevu inayojulikana, kwa mfano asilimia 5 kwa saruji na tofali, 3 kwa nondo. Kilichookolewa chini ya jumla hiyo kinagawanywa nusu kwa nusu kwa bei ya dukani, na fundi anagawa sehemu yake kwa wasaidizi kwa viwango vilivyoandikwa.

Tatizo la kwanza litakuja mara moja: njia rahisi ya kuokoa saruji ni kutoitia. Kwa hiyo kila miksa itumie mfuko mzima mmoja, kamwe siyo nusu, na mifuko mitupu ifungwe kumikumi na kukabidhiwa stoo. Idadi ya miksa iandikwe kwa mistari ukutani. Mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Idadi ya maboksi ndiyo inayoangaliwa, na mtu wako akae hapo siku ya zege hata kama hafanyi kingine. Zege likifunguliwa na kukutwa na matundu kama sega la nyuki, mgawo wa hatua hiyo umekufa. Kumwagilia maji siku 7 kuwe sehemu ya hatua, siyo hisani.

Tatizo la pili ni mchanga na kokoto, vinavyouzwa kwa tripu. Pima bodi la lori kwa futikamba, urefu kwa upana kwa kina cha mzigo, kila lori, au posho yako itakuwa ya kubuni. La tatu ni stoo: saruji iinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko 10 kwenda juu, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Iliyokaa zaidi ya miezi mitatu usiihesabu kama nzima, maana itamlazimu fundi kuongeza na utamlaumu bure.

Na mgawo ulipwe hatua inapokwisha, wiki hiyohiyo, kabla hatua inayofuata haijaanza. Ukisema utalipa nyumba ikikamilika, fundi atasikia kwamba hutalipa. Kufika kwenye plasta atakuwa ameshaacha kupima, na boksi lako la lita 35 utalikuta limegeuzwa kiti.